Shoka na Mkono Ulioshika Shoka

Maneno ya somo la redio kwa wanafunzi watu wazima: Manabii wa Kiebrania na dola zenye kiburi

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, redio imewekwa mahali ambapo wote wanaisikia, na mwandishi wa kikundi ana kalamu na daftari. Wenye ramani ya nchi za Mashariki ya Kati, itandazeni mezani, maana leo tutaihitaji.

Katika somo lililopita tulizungumza habari za falme mbili ndogo, Israeli upande wa kaskazini na Yuda upande wa kusini. Leo tutazitazama dola kubwa zilizozizunguka falme hizo, na maneno ambayo manabii wa Kiebrania waliyasema juu yake. Nasema tangu mwanzo kwamba sikuja hapa kuhubiri. Wanaosikiliza ni Waislamu, Wakristo na wengine wenye njia zao, na kila mmoja anaye mwalimu wake wa dini. Kazi yangu ni kueleza manabii hawa walisema nini, walisema wakati gani, na kwa nini maneno yao yamedumu kwa miaka zaidi ya 2,500.

Kabla ya kuanza, sina budi kuwapa habari ya barua niliyoipata baada ya somo lililopita. Imetoka kwa mzee mmoja wa kikundi cha bara. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba hivyo. Mzee huyu anasema kwamba alisikia jinsi nabii Isaya alivyomwita Mwashuri fimbo ya Mungu, aliyetumwa kuwapiga Waisraeli kwa makosa yao. Kisha akasikia kwamba Mwashuri naye aliadhibiwa. Anauliza: ikiwa fimbo imetumwa, kosa lake ni nini? Halafu anaeleza kwa nini swali hilo linamnyima usingizi. Zamani za ujana wake alikuwa nyapara katika shamba kubwa. Aliamriwa kuwapiga wavivu, naye akawapiga. Mmoja wa watu wale yu hai hata leo, na nyumba yake haiko mbali. Mzee anauliza, "Je, hesabu ni ya aliyeniamuru, au ni yangu?"

Basi somo la leo ni jibu la barua hiyo. Tafadhali lisikilizeni hivyo.

Tuanze na ramani. Utafuteni mto Hidekeli, ambao katika ramani za leo huitwa Tigris. Ufuateni mpaka mji wa Mosul, kaskazini ya nchi ya Iraki. Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, palikuwa na mji wa Ninawi. Huo ndio uliokuwa mji mkuu wa dola ya Ashuru katika siku zake za mwisho, zilizokuwa pia siku za nguvu zake nyingi. Ukuta wake ulizunguka mwendo wa kilometa 12 hivi, nao ulikuwa na malango 15.

Waashuri hawakuwa watu wajinga. Mfalme Senakeribu alichimba mifereji mirefu kuleta maji ya milimani mpaka Ninawi, na mahali paitwapo Jerwan mfereji mmoja ulipitishwa juu ya bonde kwa daraja la mawe ambalo mabaki yake yapo mpaka leo. Mjukuu wake, Ashurbanipali, alikusanya maktaba ya vibao vya udongo vilivyoandikwa habari za nyota, dawa, sheria na hadithi za kale. Vibao hivyo na vipande vyake zaidi ya 30,000 vimepatikana, na vingi viko London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Nataja mambo haya ili mtu asidhani kwamba manabii walikuwa wakigombana na watu washenzi wasiojua kitu. Waligombana na watu waliokuwa na elimu, ufundi na utaratibu mwingi.

Lakini utaratibu huo ulikuwa kwa kazi gani? Tangu siku za Tiglath-pileseri wa Tatu, aliyetawala tangu mwaka 745 mpaka 727 K.K., Ashuru iliziendesha nchi za watu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kodi: mfalme mdogo alipeleka fedha, dhahabu, farasi na mbao kila mwaka, na siku aliyoacha kupeleka alihesabiwa kuwa mwasi. Ya pili ni kuhamisha watu. Taifa lililoasi liling'olewa katika nchi yake likapandwa mbali, na mahali pake wakaletwa wageni, ili pasiwe na mtu awezaye kusema, "Hapa ndipo kaburi la babu yangu." Samaria, mji mkuu wa Israeli, ulipoanguka yapata mwaka 722 K.K., mfalme Sargoni aliandika kwamba aliwachukua mateka 27,290. Njia ya tatu ni hofu. Wafalme wa Ashuru waliyachonga mateso waliyowatesa watu katika kuta za majumba yao, ili kila mjumbe aliyeleta kodi ayaone kwa macho yake, akawasimulie wenzake kwao.

Tutazame mfano mmoja tulio na hakika nao. Katika mwaka 701 K.K., Senakeribu aliishambulia Yuda, kwa kuwa mfalme Hezekia alikuwa ameacha kumtii. Mji wa pili kwa nguvu katika Yuda ulikuwa Lakishi. Senakeribu aliuzingira, akauteka, kisha akaamuru vita hivyo vichongwe katika chumba kimoja cha jumba lake huko Ninawi. Mwingereza Austen Henry Layard aliyafukua mawe hayo katikati ya karne ya 19, na leo yako London. Mtu akiyatazama ataona askari wakipanda mteremko waliojenga ili kuufikia ukuta. Ataona watu waliotungikwa juu ya miti, na wengine wakichunwa ngozi. Ataona pia akina mama na watoto wakitoka mjini, mizigo yao imepakiwa katika magari ya ng'ombe, na mfalme ameketi katika kiti cha enzi akitazama nyara zikipita mbele yake. Wachimbaji walipochimba Lakishi penyewe, waliukuta mteremko ule wa mawe, pamoja na ncha za mishale na mawe ya kombeo. Picha na mahali vyapatana.

Senakeribu aliandika habari za vita hivyo pia, katika vipande vya udongo vyenye pande sita. Asema aliiteka miji 46 yenye maboma, akatoa watu 200,150, na kumfungia Hezekia katika Yerusalemu kama ndege katika kizimba. Asema Hezekia alilipa talanta 30 za dhahabu na talanta 800 za fedha. Biblia nayo, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, yasema talanta 30 za dhahabu na talanta 300 za fedha. Mwaona: mashahidi wawili waliokuwa maadui, wapatana katika dhahabu na watofautiana katika fedha. Na jambo moja Senakeribu halisemi po pote: hasemi kwamba aliutwaa mji wa Yerusalemu. Biblia yasema kwamba jeshi lake lilipigwa usiku na malaika, naye akarudi kwao. Maandishi ya Ashuru yanyamaza.

Sasa tuje kwa Isaya. Alikuwa mtu wa Yerusalemu, na aliishi katika miaka hiyo hiyo ya hatari. Kitu cha kwanza cha ajabu ni kwamba hakusema Waashuri walikuja kwa bahati mbaya. Alisema Mungu amewatuma. Kwa nini? Kwa sababu watu wake mwenyewe walikuwa wametunga sheria za kuwadhulumu maskini, kuwapokonya wajane na kuwafanya yatima kuwa mateka. Isaya alianza nyumbani. Nabii asiyeona kosa ila la jirani, huyo si nabii wa namna hii.

Kisha akamgeukia Mwashuri, na hapa ndipo penye jibu la mzee wetu. Katika sura ya 10 ya kitabu chake, Isaya atenga mambo matatu. Jambo la kwanza ni amri: Mwashuri ametumwa kuliadhibu taifa moja lililokosa. Jambo la pili ni nia: moyoni mwake Mwashuri hakukusudia hivyo. Alikusudia kuangamiza mataifa mengi, kwa kuwa kuangamiza kulikuwa desturi yake na faida yake. Jambo la tatu ni majivuno baada ya kazi. Mfalme ajisifu kwamba amefanya yote kwa nguvu za mkono wake na kwa akili zake. Kwamba ameondoa mipaka ya mataifa, na kukusanya mali zao kama mtu aokotaye mayai katika kiota kisicho na mama, hapana bawa lililopigwa wala mdomo uliolia.

Ndipo Isaya auliza kwa mfano: je, shoka laweza kujisifu juu ya mtu alitumiaye kukata? Msumeno waweza kujitukuza juu ya mkono uuvutao? Sisi sote tumeshika shoka. Twajua kwamba shoka likiwekwa chini halikati kitu. Lakini sharti tukumbuke kwamba kila mfano una mwisho wake. Shoka halina moyo, wala halina nia. Mwashuri alikuwa navyo vyote viwili, na kwa sababu hiyo aliweza kuhukumiwa. Tungesema hivi: alitumwa kama shoka, lakini alihesabiwa kama mtu.

Mzee wangu, lishike neno hilo, tutalirudia.

Hapa nataka tusimame kidogo juu ya methali yetu moja. Twasema, aliye juu mngoje chini. Ni methali nzuri, na wengi wataona kwamba manabii walisema neno lilo hilo. Mimi naona sivyo. Methali yasema kwamba kilicho juu kitashuka, kama embe lililoiva, liwe tamu au chungu. Mngoje tu. Manabii hawakusema kwamba Ninawi utaanguka kwa kuwa uko juu. Walisema utaanguka kwa kuwa kuna deni. Waliitaja damu, wakaitaja mali iliyoporwa, wakautaja uongo uliosemwa katika mapatano. Kwao, historia ni daftari lenye hesabu, na ukurasa wa mwisho haufungwi mpaka hesabu isomwe.

Nabii aliyesema hivyo kwa ukali kuliko wote ni Nahumu. Jina lake maana yake ni faraja, na kitabu chake chote, sura tatu tu, ni juu ya Ninawi. Auita mji wa damu, uliojaa uongo na unyang'anyi. Kisha auuliza swali lenye akili nyingi: je, wewe ni bora kuliko No-Amoni? No-Amoni ni mji wa Thebesi katika Misri ya juu, mji mkubwa, wenye maji pande zake na wenye rafiki wengi. Nani aliyeuteka? Waashuri wenyewe, katika mwaka 663 K.K. Basi Nahumu auambia Ninawi: ninyi ndio mashahidi kwamba mji usioweza kuanguka huanguka, maana mliuangusha kwa mikono yenu.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua utenzi wa Al-Inkishafi, ambao mtunzi wake aliuonyesha moyo wake magofu ya majumba ya Pate ili ujifunze kwamba dunia hupita. Lakini yeye aliyaona magofu kwa macho. Nahumu alisema wakati kuta zingali zimesimama, na wajumbe wa kodi wangali wakiingia malangoni. Kusema hivyo kulihitaji moyo wa namna nyingine.

Ikawaje? Senakeribu alikuwa amekwisha kuuawa na mwanawe mwenyewe, katika mwaka 681 K.K. Baada ya Ashurbanipali kufa, wakubwa wakagombania kiti. Mataifa yaliyoogopa kwa miaka mingi yakapata nafasi. Katika mwaka 614 K.K. Wamedi waliuteka mji wa Ashuru, na katika mwaka 612 K.K. Wamedi na Wababeli pamoja wakauzingira Ninawi. Kibao kimoja cha Wababeli chasema kwamba vita vya kuuzingira vilichukua miezi mitatu hivi. Mji ulichomwa moto. Katika lango moja la kusini, liitwalo Halzi, wachimbaji wa miaka ya 1987 mpaka 1990 walikuta mifupa ya watu, mmoja juu ya mwingine, na ncha za mishale katikati yao. Walikuwa wakikimbia, au wakilinda lango, hatuwezi kuwauliza. Katika mwaka 401 K.K., Myunani Xenophon alipita hapo na jeshi lake. Aliona kuta kubwa tupu, akaambiwa kwamba ulikuwa mji wa Wamedi. Jina la Ninawi halikumfikia. Yamepita miaka 211 tu!

Mwenye haraka angefunga daftari hapa, akisema, "Mwovu amekufa, haki imeshinda." Manabii hawakufunga. Maana waliomwua Mwashuri walichukua kiti chake wakakikalia, nao wakawa kama yeye. Mfalme Nebukadreza wa Babeli aliuteka Yerusalemu mwaka 597 K.K., akarudi tena kuuvunja pamoja na hekalu lake, yapata mwaka 586 K.K., akawahamisha watu kwa njia ile ile ya Ashuru.

Nabii Habakuki aliwaona Wakaldayo hao wa Babeli wakija, akamlalamikia Mungu mwenyewe. Maneno yake kwa ufupi ni haya: najua sisi tumekosa, lakini unawezaje kumtumia mtu mwovu kuliko sisi ili kutuadhibu? Mwaona, swali la mzee wetu na la Habakuki yametoka katika tumbo moja. Nabii huyo amfananisha Mbabeli na mvuvi avuaye watu kama samaki, kisha atoa sadaka kwa wavu wake, kwa sababu wavu ndio umempa chakula kinono. Kiburi cha dola ni hicho hasa: mtu kuuabudu wavu wake.

Jibu alilolipata lina ole tano. Ole wake alimbikizaye mali isiyo yake. Siku moja wadeni wake watainuka na kumdai. Ole wake ajengaye nyumba kwa mapato mabaya. Jiwe litalia ukutani na boriti itamwitikia. Ole wake ajengaye mji kwa damu. Ole wake amleweshaye jirani ili kumwaibisha. Naye atakunywa kikombe hicho. Ole wake auambiaye mti, Amka. Na katika ole ya nne limo neno ambalo wasomaji wengi huliruka: nabii ataja jeuri iliyotendwa juu ya Lebanoni, na wanyama waliotishwa. Wafalme hao walijisifia kukata mierezi ya Lebanoni. Nebukadreza alichonga maandishi ya namna hiyo mwambani, katika bonde la Brisa. Isaya naye, katika sura ya 14, aonyesha miti yenyewe ikifurahi siku mfalme wa Babeli alipolala kaburini, kwa kuwa hakuna tena apandaye kuikata. Katika hesabu ya manabii, hata msitu una ukurasa wake.

Yeremia alifanya jambo la ajabu zaidi. Katika mwaka wa nne wa mfalme Sedekia aliandika hukumu yote ya Babeli katika kitabu, akampa mtu aitwaye Seraya aliyekuwa akisafiri kwenda huko. Akamwambia akisome, kisha akifunge jiwe na kukitupa katika mto Frati, ili kuonyesha jinsi Babeli utakavyozama. Lakini Yeremia huyu huyu aliwaandikia mateka waliokuwa Babeli barua nyingine. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea amani mji ule. Kuitangaza hukumu ya dola ni jambo moja. Kuwachukia majirani wako katika mtaa wa dola hiyo ni jambo jingine, na Yeremia hakukubali kuyachanganya.

Babeli ulichukuliwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwezi wa Oktoba mwaka 539 K.K. Yafaa tuseme kweli kama wanafunzi wa historia: siku hiyo haukuchomwa moto. Jeshi liliingia bila vita, na mji ukaendelea kukaa watu kwa karne nyingi. Aleksanda Mkuu alifia humo mwaka 323 K.K. Ulififia polepole mpaka ukawa vilima vya matofali, na katika matofali hayo jina la Nebukadreza lingali likisomeka. Manabii walisema kwa wimbo na kwa mfano, hawakuwa waandishi wa kalenda. Walichosema ni kwamba mwenye kujiita wa milele ataonekana kuwa si wa milele. Hilo lilitimia, ijapokuwa lilichukua muda.

Sasa twaja kwenye sehemu ya mwisho, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Je, mtu aliyeonewa afurahi mwonevu akianguka?

Amosi, katikati ya karne ya 8 K.K., alisimama katika Israeli akazihesabu hatia za majirani: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Twaweza kudhani jinsi watu walivyomshangilia kila alipotaja jina. Hatia ya Gaza ni kuwauza watu wa miji mizima utumwani. Hatia ya Moabu ni kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu, yaani kosa walilomtendea mtu asiye Mwisraeli kabisa. Maana kosa ni kosa, hata likitendwa kwa adui yako. Kisha Amosi akataja Yuda. Kisha akawataja wasikilizaji wake wenyewe, waliomwuza maskini kwa jozi ya viatu. Makofi yakaisha.

Na iko hadithi ya Yona, ambaye Waislamu humwita Nabii Yunusi. Alitumwa Ninawi, akakimbia kwa merikebu upande mwingine. Watu husema aliogopa. Kitabu chasema aliogopa, ndiyo, lakini aliogopa kwamba Ninawi watatubu na Mungu atawasamehe! Wakatubu kweli, tangu mfalme mpaka mnyama, wakasamehewa, na Yona akakasirika mpaka akatamani kufa. Kurani nayo yasema kwamba watu wa Yunusi waliamini wakaepushwa na adhabu. Katika Mosul palikuwa na msikiti wa nabii huyu juu ya kilima cha Ninawi ya kale. Ulivunjwa kwa baruti mwezi wa Julai mwaka 2014, na chini yake yakaonekana mabaki ya jumba la mfalme Esarhadoni, mwana wa Senakeribu.

Nawaomba mwandike jambo hili katika daftari: kitabu cha Nahumu na kitabu cha Yona vyote viwili ni juu ya Ninawi, na vyote viwili vyaishia kwa swali. Nahumu auuliza mji ule: yuko nani ambaye hakuonja ukatili wako? Yona naye aulizwa na Mungu: nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Waliovikusanya vitabu hivyo hawakutupa kimoja. Waliviacha vyote viwili, ili msomaji aviweke magotini, kimoja huku na kimoja huku. Na Isaya, katika sura ya 19, aota siku ambayo patakuwa na njia kuu kutoka Misri mpaka Ashuru, na wote watatu, Misri, Ashuru na Israeli, wawe baraka katikati ya dunia. Mwashuri yule yule aliyechuna watu ngozi.

Mzee wangu, nimekujibu kwa njia ndefu, sasa nikujibu kwa ufupi. Manabii wangekubali kwamba aliyekuamuru ana hesabu yake. Lakini wangekuuliza maswali matatu ya Isaya. Katika fimbo ulizopiga, ngapi zilikuwa za amri, na ngapi uliziongeza mwenyewe? Moyoni ulikusudia nini? Na jioni, ulipokaa na wenzako, ulijisifia nini? Mimi siwezi kukujibia. Nami sikuulizi kama mtu msafi. Nilipokuwa mpya katika kazi, nilikwenda kukagua darasa moja, nikamkaripia mwalimu mtu mzima mbele ya wanafunzi wake. Barua ya kazi iliniamuru kukagua. Kukaripia kulikuwa kwangu mwenyewe. Nilirudi kumwomba radhi mwaka mzima baadaye, na mwaka ule mzima ulikuwa mrefu kuliko njia ya kwenda kwake.

Umeandika kwamba mtu yule yu hai, na nyumba yake haiko mbali. Yona alitumwa mbali, kwa watu asiowapenda. Wewe safari yako ni fupi. Akikubali au akikataa, hilo ni lake.

Sasa vikundi vizungumze maswali haya. La kwanza: toeni tofauti baina ya maneno ya methali, aliye juu mngoje chini, na maneno ya manabii. La pili: kwa nini Isaya aliwakaripia watu wake kwanza, ndipo akamkaripia Mwashuri? La tatu: Senakeribu na Biblia watofautiana katika hesabu ya fedha, mwanafunzi wa historia afanye nini akikuta mashahidi wasiopatana? La nne: kati ya swali la mwisho la Nahumu na swali la mwisho la Yona, ni lipi lililo gumu kwenu kulijibu, na kwa nini?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu, na mwenyekiti ahakikishe kwamba akina mama nao wamesema. Somo lijalo tutazungumza habari za Koreshi na kurudi kwa mateka. Mpaka siku hiyo, mabibi na mabwana, kwaherini.